Bwana Mifugo na Uji wa Mapanki

Siku Bwana Mifugo alipompasua yule nguruwe jike tulikuwepo hawa: mimi, wadogo zangu Magesa, Nyangeta na Masatu, baba mdogo Mafuru, aliyekuja tangu asubuhi na kukalia ndoo iliyopinduliwa, jirani yetu Mama Bwire, ambaye nguruwe wake nao walikuwa wanaharisha, na Bwana Mifugo mwenyewe, amevaa mabuti na aproni aliyoikata kwenye tyubu ya lori. Nawataja wote kwa sababu baadaye Makoko nzima, mtaa wetu pale Musoma, ilisimulia habari ile, na wengi wa waliosimulia hawakuwepo.

Jike alikuwa amelazwa ubavu juu ya majani ya migomba. Alikuwa wa pili kufa. Baba mdogo hakumtazama yeye, aliwatazama wadogo zangu. Alikuwa ameshawagawa. Tangu tulipomzika mama, miaka miwili baada ya baba, alisema nyumba haiwezi kushikwa na msichana aliyeishia darasa la sita. Magesa angekwenda Murangi kwa mjomba akavue. Nyangeta angekwenda Bunda kwa shangazi, kwenye pamba. Masatu, ambaye bado alikuwa analala ameshika kanga yangu, angepelekwa kwa ndugu wa mbali ambao sikuwahi kuwaona. Mimi ningeolewa. Niligoma. Akanipa muda mpaka mtama uvunwe: nikiweza kuwalisha na kuwalipia shule kwa nguruwe alioacha mama, tutabaki nyumba moja. Nikishindwa, anakuja na kamba ya kufungia mizigo.

Kamba alikuja nayo siku ile. Ilikuwa begani.

Bwana Mifugo nilikuwa namfahamu tangu nikiwa mdogo. Kila mtu alimwita hivyo tu, hata mchungaji wake. Alikuwa Msabato wa kweli kweli, hali nyama ya nguruwe, hali kambare, hanywi chai ya majani, na Jumamosi humpati hata kama ng'ombe anazaa miguu ya nyuma ikitangulia. Lakini kati ya wanyama wote nguruwe ndio aliowapenda. Akiingia bandani alikuwa anawasalimia kwanza wao, halafu sisi. Alimkuna jike nyuma ya sikio mpaka jike anakaa chini kama mbwa.

"Bwana Mifugo," Mama Bwire alikuwa akimtania, "siku ya kiama hawa ndio watakaokutolea ushahidi."

"Watasema niliwatibu."

"Watasema uliwapapasa na hukuwala. Ni dharau hiyo!"

"Mama Bwire, wewe unawala. Tuone watakaoenda mbele kushitaki ni akina nani."

Mabuti yake aliyaosha kabla ya kuingia bandani na baada ya kutoka, hata miaka ile ya shida ambayo sabuni ilikuwa ya foleni na mche mmoja tuliukata kwa uzi. Yeye alitumia majivu. Sindano yake moja aliichemsha kwenye kopo la siagi juu ya mafiga ya mwenye nyumba, akasimama pale pale akilinda, mtu asije akamimina yale maji. Miaka ile alikuwa anakuja na mkoba mtupu. Bohari ya wilaya haikuwa na dawa, na alichoweza kutupatia kilikuwa maneno: weka nyasi kavu, tenga mgonjwa, chemsha makombo. Watu walimcheka. Walisema serikali imetuletea redio yenye miguu.

Mimi sikumcheka, kwa sababu mimi shule niliiacha na yeye alikuwa anafundisha bure. Alipenda kueleza kuliko kula. Akikuta mtu wa kumsikiliza alichuchumaa, akachukua kijiti na kuchora chini. Baiskeli yake hakuwahi kumwazima mtu, hata Magesa alipoumwa na nyoka alimbeba mwenyewe akiendesha kwa hasira, akilalamika kuhusu mipira njia nzima hadi hospitali. Lakini kile alichokijua alikigawa kwa yeyote, hata kwa mlevi.

Alikuwa pia mtu wa kushangaza. Alitukaripia tukikatisha dozi. Alisema kukatisha dozi ni kumfundisha mdudu. Lakini yeye akiumwa kichwa alikata kidonge katikati, akameza nusu, nusu nyingine akaiweka mfuko wa shati hadi shati lifuliwe. Nilipomwuliza alisema, "Mimi siyo nguruwe. Mimi nina akili ya kujua nimepona." Na alisema bila kucheka.

Kwake, Makoko hapakuwa nyumbani. Mke na watoto walikuwa Butiama, kwenye kiwanja cha baba yake, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Kila mwaka aliomba uhamisho. Kila mwaka hakujibiwa. Aliishi kwenye chumba kimoja cha kupanga Iringo, mjini, kitanda na stovu, na kila Ijumaa mchana alipanda baiskeli au kulipia lori kwenda kwao, ili jua lisizame akiwa njiani. Siku moja alinikuta nimekaa kwenye mlango wa banda, nimeishiwa nguvu, Nyangeta analia njaa ndani na mimi siwezi kuondoka kwa sababu jike alikuwa anazaa. Alisimama pale na mabuti yake yaliyooshwa.

"Mama Familia," alisema. Ndivyo alivyokuwa ananiita, nikiwa na miaka kumi na saba. "Unataka kwenda wapi?"

"Popote."

"Na mimi. Lakini angalia, hakuna aliyetufungia mlango. Ndiyo ubaya wake."

Akavua saa, akaingia akapokea vitoto vya nguruwe pamoja na mimi. Mara moja tu nilimsikia akisema kitu kama hicho. Hakukirudia.

Kisha ikaja ruksa ya biashara. Maduka ya Iringo yakajaa. Mitumba, sabuni za rangi rangi, redio, na dawa za mifugo kutoka ng'ambo ya mpaka, nyingine zimeandikwa lugha ambazo hata Bwana Mifugo hakuzisoma. Viwanda vya minofu vikafunguliwa, sangara wakawa wanakatwa nyama ikapakiwa kwenye ndege, na sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa na mfupa wa mgongo. Tuliyakaanga tukala. Yaliyozidi tuliyaanika, tukayatwanga, tukawapikia nguruwe uji wa pumba na mapanki. Walinenepa kuliko wakati wowote. Kwa hiyo mkoba wa Bwana Mifugo sasa ungeweza kujaa, ila fedha za kuujaza hazikuwepo, na ilisemwa kwamba maofisa wa vijijini watapunguzwa.

Ndipo kuharisha kukaingia. Hakukuwa kuharisha kwa ghafla. Nguruwe alikuwa anakula, anakunywa, lakini anakonda, mgongo unatokeza kama mbavu za mtumbwi, na kinyesi kinakuwa chepesi, mwishoni cheusi cha damu. Bwana Mifugo alianza na sindano za penisilini. Hazikusaidia. Akasema tununue unga wa njano wa oksitetrasaiklini. Niliuza kitanda cha mama nikaununua. Unga ule ni mchungu, nguruwe akiunusa tu anageuza kichwa. Bwana Mifugo mwenyewe akatuambia la kufanya: "Ufiche kwenye uji wa mapanki. Harufu ya samaki haimwachi nguruwe akatae." Makoko nzima ikafanya hivyo. Nguruwe walilamba hadi chini. Na wakaendelea kukonda, na wakaanza kufa.

Watu wakasema dawa ya Iringo ni unga wa muhogo uliotiwa rangi. Wakasema Bwana Mifugo ana mgao wake kwa mwenye duka. Mimi nilikuwa najua hana mgao, kwa sababu mgao ungeonekana kwenye mabuti: angenunua mapya.

Sasa, siku ile. Alipasua tumbo, akavuta utumbo taratibu kama mtu anayekunjua wavu. Sehemu ya mwisho ya utumbo mdogo ilikuwa nene na ngumu kama mpira wa kumwagilia. Akaupasua kwa urefu. Ndani ulikuwa na mikunjo mikunjo.

"Ndiyo huu," alisema. "Mdudu wa huu ugonjwa hakai kwenye kinyesi cha nguruwe. Anakaa ndani ya seli."

"Seli ndiyo nini?" aliuliza Magesa.

Akachukua kijiti, damu bado iko mikononi, akachora vyumba vidogo vimebanana. "Nyama yote ni vyumba. Utumbo, moyo, wewe, baba mdogo wako. Kila chumba kina ukuta mwembamba, na ndani kuna jiko la kupikia vitu vya mwili."

"Huyu nguruwe ana vyumba?" Baba mdogo aliuliza kutoka kwenye ndoo.

"Vingi kuliko Musoma nzima."

"Na kodi analipwa nani?" Mama Bwire akadakia, na hata Nyangeta akacheka.

Bwana Mifugo hakucheka. Akaendelea na kijiti. Mdudu akiingia ndani ya seli, alisema, amejifungia, na mwenye nyumba amefungiwa naye. Seli zinaanza kuongezeka ovyo, ndiyo maana utumbo unakuwa mnene na chakula hakipiti kuingia mwilini. Penisilini ikija inatembea nje, kwenye maji yaliyo kati ya vyumba. Ni kali, inavunja ukuta wa mdudu anapoujenga, lakini kupenya ndani ya seli haiwezi vizuri. Inapita mlangoni na mdudu anaisikia inapita. Hii ya njano ni tofauti. Inapenya ukuta wa seli, ikishafika ndani inapenya tena mdudu mwenyewe, inaenda kukaa kwenye jiko lake. Inazima moto. Mdudu hapiki kitu, hakui, hazai, mpaka mwili wenyewe unammaliza.

"Jiko la nguruwe je?" nilimwuliza. "Halizimi?"

Alinitazama kwa furaha, kama alivyokuwa ananitazama zamani. "Mafiga ya mdudu siyo mafiga ya nguruwe, Mama Familia. Hayafanani. Dawa inakaa vizuri kwenye yale ya mdudu. Lakini ndiyo maana dozi haikatishwi. Ukiondoa mkono mapema, anawasha tena."

"Maneno matamu," baba mdogo alisema. Alisimama, kamba ikateleza begani akaishika. "Sasa tuambie. Hawa nguruwe wamemeza fedha ya kitanda cha marehemu. Dawa yako nzuri imeingia, imepenya, imezima moto. Nguruwe mbona amekufa?"

Bwana Mifugo alikuwa ameshapasua tumbo lenyewe, lile la chakula, na uji ulikuwa umemwagika juu ya majani: pumba, na vipande vyeupe vya mifupa vimesagika, vimeshikana kama udongo wa kukandikia. Aliuchukua mkononi akausugua kati ya vidole. Muda mrefu. Halafu akaangalia kihori chetu.

"Huu uji mnawekaga nini?"

"Mapanki," nikasema. "Kama ulivyotuambia."

"Kama nilivyowaambia."

Akakaa chini, pale pale penye damu, yeye ambaye hakukaa mahali pachafu hata siku moja.

"Chuoni tulifundishwa," alisema, na hakuwa anaongea na mmoja wetu. "Hii dawa usimpe ndama pamoja na maziwa. Maziwa yana chokaa. Chokaa inaishika dawa tumboni, zinafungamana, haziachani, zinatoka pamoja na kinyesi. Mimi nikashika maziwa. Kwenye mtihani nikaandika maziwa. Nguruwe hapewi maziwa huku kwetu, nikaona haituhusu. Na mifupa hii yote ni chokaa tupu." Akafungua mkono uji ukaanguka. "Haikufika kwenye damu. Seli haikuiona kabisa. Nimewaambia Makoko nzima wafunge dawa kwa mifupa."

Baba mdogo akapiga makofi mara moja, kofi kubwa. "Sikieni! Serikali imeua nguruwe wa yatima, na imekiri!"

"Siyo serikali," alisema Bwana Mifugo. "Ni mimi. Ukienda kusimulia, sema mimi."

"Nitasema. Magesa, kusanya nguo zako."

Magesa hakusogea. Alinitazama. Nilisimama mbele ya mlango wa nyumba, na nilichosema ni kwamba mtama bado uko shambani. Baba mdogo akasema mtama upi, nguruwe waliobaki ni jike mmoja mwenye mimba na watatu wa kukua, wote wanaharisha, ninasubiri nini? Nikarudia kwamba mtama bado uko shambani.

Bwana Mifugo alikuwa amenyanyuka. Alienda kwenye baiskeli, akafungua mkoba, akatoa chupa iliyofungwa kwenye soksi. Ilikuwa dawa ile ile ya njano, ila ya maji, ya sindano. Akaweka kopo lake jikoni.

"Hiyo uliificha siku zote?" baba mdogo aliuliza.

"Siyo ya hapa. Ni ya ng'ombe wangu. Ana ndigana, homa ya kupe. Leo Alhamisi, kesho nilikuwa naipeleka Butiama."

"Basi ipeleke, baba," alisema Mama Bwire, na utani ulikuwa umemtoka. "Watoto wako wanakunywa maziwa ya huyo ng'ombe."

"Nitapata nyingine."

"Kwa mshahara upi? Si ulisema hamjalipwa?"

"Mama Bwire, wewe nenda ukapike uji wa muhogo. Mtupu. Usitie dagaa, usitie mapanki, usitie majivu. Unga wako wa njano weka humo, nguruwe wako washinde njaa kwanza wasikatae. Hawa wamechoka sana, hawa ni sindano." Akanigeukia. "Shika masikio. Damu haina mapanki."

Ndivyo alivyosema. Nilimshika jike masikio, akamdunga shingoni, akapiga kelele ya kuamsha wafu, na Masatu akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Baba mdogo aliondoka na kamba yake. Kesho yake, Ijumaa, Bwana Mifugo alikuja akadunga tena kabla ya kuondoka, na chupa aliniachia mimi nidunge Jumamosi, pamoja na sindano na kopo, akanionyesha shingo kwa kidole: hapa, siyo hapa. Butiama alikwenda mikono mitupu. Aliporudi Jumapili alidunga mpaka chupa ikaisha, na kila siku aliinama kutazama kinyesi kama mtu anayesoma gazeti.

Walipona polepole. Kwanza damu ikaacha, kisha kinyesi kikashika, kisha migongo ikafunikwa. Jike alizaa. Baba mdogo alikuja mtama ulipovunwa, akatukuta wote wanne tunakula, akanawa, akala na sisi, akasifia mboga. Kuhusu Murangi na Bunda hakusema tena. Magesa alimaliza shule, Nyangeta naye, na Masatu leo ni mtu mwenye ndevu.

Ng'ombe alikufa. Bwana Mifugo alinieleza yeye mwenyewe, akiwa amechuchumaa bandani kwangu, bila kugeuka. "Yule wa Butiama amekufa. Alikuwa na mimba." Baadaye kidogo akasema, "Watoto wanakunywa uji mkavu sasa, bila maziwa. Wamenuna."

Nikamwambia achague watoto wa nguruwe, wowote, wote. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Nifike Butiama na nguruwe kwenye kapu? Mke wangu atanifungia nje, na kanisa litanifungia nje zaidi ya hapo."

Basi nikasema nitamlipa mtamba wa ng'ombe. Akasema nisiwe na haraka. Na haraka ingetoka wapi? Kila uzao ulikuwa na mwenyewe kabla haujazaliwa. Huu ni ada ya Magesa, huu ni sare, huu ni bati maana mvua inatunyeshea ndani. Yeye akapunguzwa kazi pamoja na wenzake, akarudi Butiama. Uhamisho alioomba miaka yote aliupata kwa njia hiyo. Aliondoka na baiskeli yake, kitanda kimefungwa nyuma, mabuti yananing'inia.

Nilimwona tena mara moja. Nilikuwa nimepeleka nguruwe Bunda kwa mnunuzi, nikaamua kupitia kwake Butiama. Nilimkuta anapalilia muhogo, amekuwa mwembamba, nywele nyeupe, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama bado natwanga mapanki. Nikasema natwanga, lakini nikiwa na mgonjwa mapanki yanakaa stoo. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Zizi lake lilikuwa tupu, limeota majani. Watoto wake wakubwa walikuwa wameshaondoka.

Nikamwambia sijasahau mtamba.

"Mtamba gani? Mimi niliua majike wawili wa mama yako. Wewe ndiye unayenidai."

"Uliwaponya wanne."

"Niliowaua niliwaua kwanza. Hesabu inaanzia hapo."

"Bwana Mifugo, wadogo zangu hawakugawanywa."

"Na wewe ulisimama mlangoni. Mimi sikusimama mlangoni."

Tulibishana hivyo, yeye amekaa kwenye jembe lake, mimi nimesimama, sauti zinapanda, kila mmoja anataka kuwa mwenye deni. Mke wake alikuwa anatwanga karibu. Sikuwahi kukutana naye kabla ya siku ile, na tangu tusalimiane alikuwa hajasema kitu. Aliacha mchi ndani ya kinu, akaja akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mmemaliza?" alisema. "Huyu alikuwaga Musoma na nguruwe wake. Wewe ulikuwaga Musoma na nguruwe wako. Aliyekuwa anaamka kumkamua yule ng'ombe ni mimi. Aliyekaa naye usiku anakufa ni mimi. Hakuna aliyeniuliza chupa iende wapi." Hakuwa amekasirika, alisema kama mtu anayetaja bei ya mtama. "Kwa hiyo ninyi sameheaneni tu, ni vizuri. Mimi sijasamehe mtu. Mimi nataka ng'ombe wangu."

Bwana Mifugo alinyanyuka, akashika jembe lake.

"Awe wa namna gani, mama?" nikamwuliza.

"Rangi yoyote. Asiwe mpiga mateke, mikono yangu haina nguvu tena."

Nikasema nitamleta. Akasema sawa, akarudi kwenye kinu chake.

Nina majike watatu bandani sasa, na mmoja atazaa mwezi ujao. Uzao huo tayari una mwenyewe: Nyangeta amelazwa hospitali. Mtamba bado sijampeleka.